Zamu ya Jicho la Najla

Upepo ulipogeuka na kuvuma kutoka kiwanda cha kuoshea fosfeti, madini ya mbolea, Mbarka alifunga madirisha, akafunika unga uliokuwa ukiumuka, kisha akamwita mbwa wake ndani. Najla aliingia akijikuna jicho la kushoto kwa mguu. Jicho lilikuwa jekundu, kope zimegandana kwa tongotongo. Mbarka, mjane asiyependa kupoteza muda, alimshika kichwa akamfuta kwa ncha ya mtandio. Mtandio ukalowa. Akaukamua ndani ya sufuria, na sufuria ikajaa.

Alionja. Yalikuwa maji matamu, baridi, yenye ladha ya mbali ya mizizi ya mtende. Ni maji ya chemchemi ya oasisi yao, ile iliyokauka kiwanda kilipochimba visima vyake virefu. Mbarka aliyajua kama alivyoujua mkate wake. Akayakandia unga mwingine.

Najla alikuwa sluki, mbwa wa mbio, na huko kwao sluki haitwi mbwa mbele za watu. Hulala ndani, hupakwa hina miguuni, na akizaa majirani huja kutoa hongera. Basi Mbarka alipoona jicho halipoi, alimfanyia alichowafanyia wanawe wote wangali wachanga: akampaka wanja. Ulikuwa wanja wa kusaga nyumbani, ulioponya macho ya ukoo mzima, au angalau ukoo ulisema hivyo. Jicho likavimba kama tini. Maji yakatoka kwa nguvu, yakapita chini ya mlango, yakaingia kwenye mfereji mkavu na kufika kwenye mitende ya Zina, jirani yake.

Zina hakuuliza yametoka wapi. Alileta jembe.

Baada ya hapo Ami Tijani, mgawa maji wa oasisi tangu enzi ya maji, alishusha chungu chake chenye tundu kutoka darini. Chungu kilijazwa, kikavuja taratibu, na kilipokauka zamu ya mtu ilikuwa imekwisha. Akaketi mlangoni kwa Mbarka akigawa machozi ya Najla kama mababu walivyogawa chemchemi: wajane kwanza, kisha wenye mayatima, kisha wanaopiga kelele. Mitende ikachipua makuti mapya, na watu wakamwombea Najla maisha marefu.

Lakini Najla alianza kugonga miimo ya milango. Siku moja sungura alimpita puani naye hakumwona. Mbarka alipomwinua kidevu kwenye mwanga, aliona ukungu mweupe juu ya jicho. Akamfunga kamba wakaenda sokoni, ambako Daktari Hend alikuwa akichanja kondoo.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata?" daktari akauliza.

"Kila mwaka. Na dawa ya minyoo. Mimi si mshenzi, mwanangu."

"Na jichoni umemtia nini?"

Mbarka akatazama kondoo. "Wanja."

"Wewe na mama yangu mmefundwa nyumba moja. Mama, wanja ule una madini ya risasi. Hata mtoto hapakwi."

Akamgeuza kope, akatafuta punje ya mchanga au ukope uliopinda kuingia ndani, hakuona. Akadondosha rangi ya kuonyesha kidonda, na mstari wa kijani ukang'aa juu ya mboni. "Mchubuko. Vumbi linamwasha, anajikuna, anajichubua, halafu linamwasha tena. Ukimwacha hivi, jicho litakwenda."

Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vyake. Alisogeza mkoba wake pembeni, akachovya kidole, akaonja.

"Ya chemchemi?"

"Ndiyo."

"Bibi yangu alikuwa akiyasifu." Akampa kichupa cha dawa. "Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yapoe. Futa kutoka puani kwenda nje, kila jicho na kitambaa chake. Dawa hii utie mpaka nikwambie basi, usikome kwa kuwa umeona nafuu. Mvishe kola pana shingoni asijikune, na siku ya upepo akae ndani."

"Na vumbi lenyewe?"

"Hilo sina dawa yake. Ningekuwa nayo, ningeanza na mapafu yangu."

Mbarka alikata ndoo kuukuu akamtengenezea Najla kola, na kazi ikaanza. Kila jicho lilipopata nafuu kidogo, mfereji ulipungua. Majirani wakaja.

"Binti wa ami," Tijani akasema kwa upole, chungu mapajani, "la kulia hatuligusi. Hili la kushoto tuachie."

"Jicho si shamba la urithi, Ami Tijani."

"Mbwa mmoja na mitende yetu yote!" Zina akasema. "Pima mwenyewe."

"Nimepima. Maji yenu yako kule." Mbarka akaonyesha kiwanda. "Kapigeni hodi."

Wote wakageuka kukitazama. Tijani aliwahi kwenda kuuliza, miaka ile. Alikaribishwa vizuri, akapewa chai, na chai ilikuwa na ladha ya chemchemi.

"Wao wana mlinzi getini," Zina akasema. "Wewe huna."

Mbarka akafunga mlango, akachemsha maji.

Jicho likapona. Daktari alitia rangi tena na mstari wa kijani haukuonekana. Najla akarudi kukimbiza sungura, mfereji ukakauka, na majirani wakaacha kumsalimu Mbarka. Aliumia. Jioni moja alilia, lakini machozi yake yalikuwa ya chumvi tu, hayakumfaa mtu.

Kimya kingi kina mshindo. Upepo ulipogeuka tena, Mbarka alimwingiza Najla ndani, na alipokuwa akifunga dirisha aliona kandokando ya mfereji kila nyumba imefunga mbwa wake, uso kuelekea kiwandani, macho yamepakwa wanja. Tijani alikuwa ameketi na chungu. Maji yalishaanza kupita.

Mbarka akachukua birika la maji ya chumvi yaliyopoa na fungu la vitambaa safi, akatoka. Akaanza na mbwa wa Zina, dume la manjano lililokuwa likitetemeka. Zina akasimama mbele yake na jembe.

"Usithubutu, Mbarka. Ni mbwa wangu."

"Najua ni wako. Mshike kichwa."

Zina hakusogea. Vumbi liliwapitia wote wawili, likawaingia machoni. Mbwa akalia, akajaribu kujikuna, kamba ikamzuia.

"Mshike, Zina. Nina wengi wa kuwafuta leo."

Zina akaweka jembe chini. Akamshika mbwa kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasogeza ndoo chini ya kidevu chake. Mbarka akafuta, kutoka puani kwenda nje, akachukua kitambaa kingine, akaanza jicho la pili.