Mtani Aliyechelewa Msibani

Karanga za Benedikta zilikuwa bado ardhini, na Kigwa nzima ilijua. Mvua zilikuwa zimekatika, udongo umeanza kukaza kama tofali, majani yamegeuka manjano. Mchwa, ambao hawana habari na matanga ya mtu, walishaanza kutoboa maganda. Wangeachiwa wiki moja zaidi, shamba lingekuwa lao.

Masele, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Mtakatifu Monika, alishapita zaidi ya mara moja. Alikuja na heshima zake zote, akakaa ukingoni mwa kigoda, akakohoa kwanza.

"Mama Fikiri, wanajumuiya tumeona Jumamosi tuje tukusaidie kuvuna."

"Nashukuru sana, Mwenyekiti. Msijisumbue. Nitatafuta vibarua."

"Basi sawa, Mama. Tunazidi kukuombea."

Akaenda zake. Hakuna kibarua aliyetafutwa, na mwanawe Fikiri alikuwa Mwanza kazini. Watu wa Kigwa wana adabu: mfiwa akikataa, humlazimishi. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha mchwa.

Sababu yenyewe Benedikta hakumwambia mtu. Karanga zile alizipanda mumewe, Sixbert, mwezi wa Desemba akiwa mzima wa afya, akifukia mbegu kwa kisigino na kuimba kila wimbo nusu, kwa kuwa hakuna hata mmoja alioujua mpaka mwisho. Februari homa ikamchukua. Walimzika, wakafagia uwanja, ndugu wakarudi makwao. Lakini kule shambani kazi ya Sixbert ilikuwa bado inaendelea, inatoa majani, inatoa maua. Kuvuna ni kufunga msimu. Benedikta hakutaka kuufunga.

Jumamosi asubuhi alikuwa jikoni akikoka moto aliposikia kishindo chumbani kwake. Hakuna aliyekuwa amepiga hodi. Alipotoka, alikutana uso kwa uso na koti la mumewe.

Ndani ya koti alikuwamo Apolinaria, mke wa fundi wa reli, Mzaramo wa Kisarawe. Kichwani alikuwa na kofia ya ukindu ya Sixbert, begani jembe la Sixbert, na mguu wa kushoto alikuwa akiuburuta vilevile kama Sixbert.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokutana njiani, mmoja amebeba mzigo na mwingine anamcheka. Katika msiba wa Mnyamwezi, mtani ana kazi yake: kumkejeli marehemu, kuigiza mwendo wake, kuwachekesha wafiwa watake wasitake, na haruhusiwi mtu kununa. Sixbert alipozikwa, Apolinaria alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Watu walilia vizuri sana siku ile. Hakuna aliyecheka.

"Mama Fikiri!" Apolinaria alifoka, sauti ameivuta mpaka tumboni. "Nimesafiri kidogo tu, unaniachia karanga ziliwe? Huko niliko nasemwa! Malaika wanauliza, huyu mkeo Mnyamwezi wa wapi, mvivu hivi? Nimekosa pa kuficha uso mbele ya watakatifu!"

"Vua koti hilo," Benedikta alisema.

"Sivui."

"Apolinaria, nakwambia vua!"

"Apolinaria ndiye nani? Mimi mumeo. Tena leo naimba."

Akaanza wimbo wa kanisani kwa nguvu, akafika katikati, akakwama, akajikuna sikio, akadandia mwingine kana kwamba ndio uleule. Sixbert mtupu! Benedikta alifungua mdomo amtukane, kikatoka kicheko. Kilitoka vibaya, na machozi yake na makamasi yake, hata akashika nguzo ya jiko asianguke.

"Mume wangu hakuwa na makalio hayo!" alisema alipopata pumzi. "Na Mzaramo lini alishika jembe? Ninyi si mnavuna nazi kwa kungoja zianguke?"

"Ala! Kumbe mdomo upo!" Apolinaria alimkumbatia, koti na jembe na yote. "Haya, twende ukanifundishe, mpagazi wewe."

Kando ya shamba walikuta jumuiya nzima imesimama na majembe. Masele aliinamisha macho.

"Mama Fikiri, utuwie radhi. Mtani ametupa zetu. Katuambia tunakuombea kwa mbali kama watu wanaoogopa kuumwa na mbwa."

"Hajakosea," Benedikta alisema. "Nami nilikuwa nabweka kweli."

Wakainama. Udongo ulikuwa mgumu, lakini majembe yalikuwa mengi. Mashina yalikuja na vishada vyake, mengine yameliwa, mengi mazima. Benedikta aling'oa la kwanza polepole, akalikung'uta vumbi, akaziangalia karanga zilivyojaa. Alikuwa ameogopa kukuta mwisho wa Sixbert chini pale. Alikuta kazi yake, nzuri, imekomaa, inangoja mkono tu. Akang'oa la pili.

Mchana walichemsha sufuria kubwa wakala zikiwa za moto. Kabla hajala, Benedikta alitenga za mbegu, akatenga nyingine kwenye kitambaa.

"Hizi za jirani yetu Julieth," alisema. "Tangu ajifungue, mihogo yake imemezwa na majani. Jumamosi ijayo ni kwake. Atakataa, namjua. Tutaingia tu."

"Tutaingia," Masele aliitikia, kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, na wanawake wakampigia vigelegele.

Kisha Masele akamwomba Benedikta afunge kwa sala. Tangu Februari alikuwa hajasali kwa sauti mbele za watu. Alisimama, mikono bado ina udongo.

"Baba, asante kwa Sixbert. Asante kwa shamba lake na kwa hawa waliokuja. Asante hata kwa huyu Mzaramo, ingawa mpaka leo hujatueleza ulimuumba wa nini."

"Wa kukusumbua wewe!" Apolinaria alijibu kutoka chini ya kofia, na amina ikachelewa, kwa sababu walikuwa wanacheka.