Jagi Kutoka Ndoo Nyekundu

Kwa majuma matano tangi la kioo lilikaa sebuleni kwangu na maji ya chumvi, mchanga na mawe, basi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipokuja kunisalimu alilizunguka mara mbili akichungulia.

"Samaki wenyewe wako wapi?"

"Bado, shangazi," binti yangu akamjibu. "Kwanza mawe yaote vijidudu vya kula uchafu. Ukiwahi kumtia samaki anakufa kwa mkojo wake mwenyewe."

Wifi akanigeukia. "Kwa hiyo, wifi, siku hizi mnafuga mawe."

Tulicheka wote watatu, ila mimi kicheko changu hakikufika mbali. Roho haikuwa imetulia tangu tangi lile liingie ndani, na sababu yake naijua.

Binti yangu tunamwita Kiroboto. Jina alimpa baba yake, kwa kuwa hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Kozi ya ushonaji aliiacha imebaki mwezi mmoja. Duka la viatu alidumu majuma matatu. Sasa anasuka nywele kwenye saluni ya watu, na anataka afungue yake katika chumba cha baba yake, kile cha upande wa barabarani chenye mlango wake. Marehemu alitengenezea redio mle miaka ishirini na sita. Tangu tumzike sijaruhusu kiti kisogezwe, na ufunguo nauweka ndani ya kitabu changu cha sala.

Nilimwambia: maliza kitu kimoja nikiona, chumba ni chako. Mteja wake mmoja alikuwa anahama na anagawa tangi. Muuza samaki wa mapambo akamwonya kwamba wanaoanza maji ya chumvi wengi huponzwa na haraka. "Basi hicho hicho," Kiroboto akasema. Tukakubaliana majuma tisa, na samaki awe hai. Mimi nisiguse. Hilo la kutogusa nilidai mwenyewe, nisije nikaambiwa nimembeba.

Juma la sita samaki akaja kwenye mfuko wa plastiki, rangi ya chungwa, mistari myeupe, mwili wote kama kidole gumba. Kiroboto akamwita Mpangaji. Akabandika kipande cha plasta kwenye kioo, maji yasishuke chini ya hapo. Jikoni akapanga ndoo mbili, ya bluu na nyekundu, akaondoka kwenda kazini.

Nikabaki na pampu inayonguruma. Nilifagia, nikarudi kuangalia plasta. Nilifua, nikarudi. Kufika saa tisa maji yalikuwa yameshuka upana wa ukucha. Nikawaza, akirudi amechoka, akasahau? Nikachota jagi moja kutoka ndoo nyekundu, ile aliyochanganya chumvi ya bahari, kwani samaki ni wa baharini. Nikajaza mpaka kwenye plasta, nikapangusa kioo kwa upindo wa khanga.

Jioni akainama, akatazama. "Ajabu, Mama. Leo hayakupungua."

"Labda hali ya hewa," nikasema.

Kesho yake nikajaza tena. Na keshokutwa. Nilijiambia namsaidia. Lakini kuna siku nilipoona maji yameshuka nilifurahi kidogo, nikasema moyoni, unaona, peke yake hawezi. Kisha nikashika njia kwenda kugusa kitasa cha chumba cha marehemu, kuhakikisha kimefungwa, kana kwamba ufunguo unatembea.

Juma la nane Mpangaji akaacha kula. Alijibanza nyuma ya pampu, mashavu yakipanda na kushuka haraka haraka. Jumamosi ilikuwa siku ya kubadilisha maji, mara ya kwanza tangu samaki aje, na ndipo Kiroboto hupima chumvi. Akatumbukiza kipimo, akakitoa, akakirudisha tena. Mshale ulikuwa umepita alama ya kijani, umelala kwenye nyekundu.

Akakaa chini sakafuni. Sikumbuki kumwona amekaa vile, mikono haifanyi kitu.

"Ni mimi," akasema. "Nitakuwa nimekosea kupima chumvi. Kila ninachoshika, Mama. Funga tu chumba chako."

Akampigia muuza samaki, simu akaiweka sauti ya juu. Mimi nilikuwa nasugua sufuria.

"Maji yakipungua unajazia ya ndoo ipi?" yule bwana akauliza.

"Hayapungui."

Akacheka. "Hakuna tangi lisilopungua, dada. Labda una jini anakujazia. Sasa sikiliza. Yanayopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukijazia ya chumvi unarundika. Hujawahi kuona mchuzi uliokaukia jikoni?"

Sufuria ikanitulia mkononi. Nimepika tangu nina miaka tisa. Mchuzi ukikauka unakuwa chumvi, na unauongezea maji matupu. Hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ndoo ya bluu, ya maji matupu, ilikuwa pale pale, pembeni ya mguu wangu.

Nilikwenda chumbani kusali. Nilijua kabisa nini kingetokea nikinyamaza. Samaki angekufa, Kiroboto angeona ni yeye, na redio za mume wangu zingebaki zilivyo. Sikutakiwa hata kusema uongo mwingine. Nikafungua kitabu, ufunguo ukaanguka mapajani. Huwa unaanguka kila siku, naurudisha, naendelea. Siku hiyo sikupata hata neno la kuanzia.

Nikarudi sebuleni. "Hilo jini ni mimi."

Alinitazama. "Tangu lini?"

"Tangu Mpangaji aingie."

"Na hali ya hewa?"

"Hakukuwa na hali ya hewa yoyote."

"Mama, ulitaka nishindwe?"

"Siku nyingine nilitaka," nikasema. "Nisamehe, mwanangu." Nikamnyooshea ufunguo.

Hakuupokea. "Majuma hayajatimia," akasema, akainuka kwenda jikoni.

Akatoa jagi moja la maji ya tangi, akatia jagi moja la ndoo ya bluu, taratibu, kando ya kioo.

"Ongeza jingine," nikamwambia. "Anahema vibaya."

"Moja asubuhi, moja jioni. Ukimshusha ghafla unammaliza. Kaa, Mama."

Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Siku ya pili nilimfuata nyuma kila hatua mpaka akanifukuza. Siku ya tatu, mikono ikiniwasha, niliufungua mlango wa upande wa barabarani. Nikafuta vumbi redio moja moja, nikazipanga kwenye maboksi, nikaacha moja tu, ndogo ya mkanda wa ngozi. Kiti chake nilikisogeza dirishani. Jasho lilinitoka, na machozi pia.

Siku ya sita nikasikia akiniita. Mpangaji alikuwa ametoka nyuma ya pampu. Alipanda juu, akadonoa punje moja ya chakula, akaitema, akaidonoa tena, akameza.

"Sogea uone," Kiroboto akasema. "Ila mikono nyuma."

Nikasogea, mikono nyuma. Ufunguo nilikuwa nimeuacha mlangoni.