Waya Usio na Shaba

Kabla ya mwaka wa tisini na nane, mtu yeyote wa nyuma ya Kona ya Musa, pale Ukunda, akitaka kusikia muziki ulio muziki alikwenda kwa Fundi Ishak. Hapakuwa na pengine. Ishak alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka kilipofungwa, akarudi Ukunda na vitu viwili: mgongo mbovu na ujuzi wa nyaya. Amplifaya yake aliiunda mwenyewe ndani ya debe la mafuta ya kupikia. Masanduku ya spika aliyachonga kutokana na kitanda cha mvule cha marehemu nyanyake, na watu walisema ndiyo maana besi yake ilikuwa na heshima. Ijumaa baada ya sala ya alasiri alizitoa spika barazani, akatia kaseti ya taarabu, na wakata miwa waliobaki kule Ramisi, mwendo wa maili ishirini, wakajikuta wote wanapiga panga kwa mdundo mmoja. Mbuzi wa jirani yake Suleiman, muuza samaki, waliacha majani wakasimama kimya kama wageni waalikwa. Asiyeamini na akawaulize mbuzi.

Mkewe, Kadzo, alikuwa na ombi moja tu kwa ufundi wote huo. Mamake, Bi Jumwa wa Msambweni, alikuwa mwimbaji wa harusi, na mwaka wa tisini na sita yeye na wenzake walialikwa na hoteli moja ya Diani kuwaimbia wageni. Ishak alikwenda na redio kaseti yake akarekodi. Miezi mitatu baadaye Bi Jumwa akafariki, na kaseti ile kila mtu wa ukoo akaitaka. Ishak akatoa nakala, na nakala ya nakala, mpaka ile ya asili ikaenda Vanga kuazimwa na haikurudi. Iliyobaki nyumbani ilikuwa kitukuu cha sauti: ukiiweka unasikia kwanza samaki anakaangwa, kisha kwa mbali, nyuma ya samaki, mwanamke anaimba.

"Nitaisafisha," Ishak alimwambia mkewe. Aliyasema hayo miaka miwili.

Ndipo akahamia Dishon. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mrefu kama mlingoti wa bendera, aliyesimamia mitambo ya muziki katika hoteli ile ile. Alipanga vyumba viwili upande wa pili wa ua, na kwa kuwa zamu zake zilikuwa ndefu, alimwachia Kadzo ufunguo ili mchota maji aweze kumjazia pipa. Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Diani alimpa Dishon mitambo yake ya nyumbani: mashine ya kuchezea diski ndogo, kisanduku cheusi kisicho na kitufe, amplifaya, na spika mbili nyembamba ambazo Ishak alipoziona aliuliza kama ni za kuwekea viatu.

Jumamosi moja Kadzo alikwenda kumpelekea Dishon sahani ya mbaazi. Alikawia saa nzima. Aliporudi alikaa kitako mkekani, mikono mapajani.

"Baba Nadhira, nimemsikia mwimbaji akivuta pumzi."

"Kila mwimbaji huvuta pumzi."

"Kwako hawavuti."

Ishak alijifanya anatafuta bisibisi. Wivu ulikuwa umemwingia kama mchanga kwenye wali, na kila alilolitafuna siku hiyo lilikuwa na mchanga.

Jioni hiyohiyo, kabla ya magharibi, alivuka ua.

"Shikamoo mzee! Karibu, karibu. Kaa hapo katikati, ndipo panasikika poa."

"Marahaba. Nimepita tu," akasema Ishak, akakaa hapo katikati.

Dishon akaweka muziki. Ishak aliinamisha kichwa akitafuta kasoro jinsi daktari anavyotafuta homa. Alitafuta ule mvumo wa umeme, *mmmm*, ambao kwake ulikuwa kama mtu wa familia. Haukuwapo. Alitafuta mchanga wa mkanda. Haukuwapo. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kinene kiasi kwamba alisikia mshono wa kanzu yake ukikatika.

"Huu waya mwembamba ni wa nini?" akauliza, akionyesha uzi mweusi uliotoka kwenye mashine kuingia kwenye kisanduku.

"Hapo ndipo kuna maneno, mzee. Huo hauna shaba hata kidogo. Ni mwanga." Dishon akauchomoa, na kwenye ncha kikawaka kijicho chekundu. "Kwenye diski, muziki umeandikwa kwa namba. Namba tupu, sifuri na moja. Mashine inazituma kwa kuwasha na kuzima hiyo taa, mara milioni kwa sekunde. Hiki kisanduku kinazisoma, halafu kinazigeuza ziwe sauti hapahapa, karibu na amplifaya."

"Na umeme wa ukutani hauingii humo?"

"Utaingilia wapi? Waya wa shaba unabeba sauti yenyewe, kila takataka ya njiani inapanda. Huku kunapita ujumbe tu: imewaka, imezima. Hata mwanga ukififia kidogo, mradi kisanduku kinatambua imewaka, namba ni ile ile. Ndiyo maana hata nakala ya namba hailegei kama ya kaseti."

"Hm," akasema Ishak. Alielewa. Hilo ndilo lililomuuma: alielewa vizuri kuliko mtu yeyote wa Ukunda ambaye angeweza kuelezwa, na alitamani asingeelewa.

"Halafu mzee, mama leo amenitajia marehemu mamake, na alipoondoka ndipo nikakumbuka. Ile siku ya marehemu Bi Jumwa hotelini, nilirekodi kwa mashine kama hii. Diski iko kwenye kabati la ofisi. Meneja mwenye ufunguo anarudi Alhamisi. Ijumaa nitamletea."

Kadzo alipoambiwa aliinuka mkekani. Alikwenda jikoni, na Ishak akamsikia anaimba huku anapepeta mchele, jambo ambalo alikuwa hajalisikia tangu matanga. Kisha akawatumia salamu dada zake wawili wa Msambweni waje Ijumaa.

Miaka miwili, Ishak akajisemea. Miaka miwili mimi nasema nitaisafisha, na kijana wa juzi anakuja na uzi wa kushonea.

Jumatatu, Dishon yuko kazini na Kadzo yuko sokoni, Ishak alichukua ufunguo msumarini. Alijua hila zote za kuharibu sauti bila kuonekana, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akizitibu. Akaufunga ule uzi mweusi pamoja na waya wa umeme, ubavu kwa ubavu kama maharusi. Kwa mtambo wake mwenyewe, hilo lingeleta mvumo wa kuamsha wafu. Jioni Dishon akaweka muziki. Ishak barazani kwake akatega sikio. Safi kama maji ya dafu.

Jumanne akaupitisha uzi nyuma ya friji, mahali ambapo mota yake inawaka na kuzima ikikohoa. Safi.

"Fundi," Suleiman akamwita kutoka upande wa pili wa ua, akipara samaki, "mbona leo umekaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani?"

"Napunga upepo."

"Upepo unatoka kule, wewe umegeuzia sikio huku. Na spika zako je, zinaumwa? Ukiendelea hivi mbuzi wangu wataanza kula majani hata siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimezoea kuokoa malisho."

Jumatano ndipo Ishak akaamua kwamba kama ni mwanga, dawa yake ni giza. Alikwangua masizi chini ya sufuria ya Kadzo, akayachanganya na mafuta ya nazi, akapaka ncha ya uzi kidogo tu, mfano wa wanja. Kijicho chekundu kikafifia. Jioni akasikiliza, na wallahi ilikuwa safi vilevile. Hakuna kukwaruza, hakuna kudhoofika, hata nukta. Angekuwa ameipaka shaba ya mtambo wake hivyo, mwimbaji angeimba kama amefungwa leso mdomoni. Hapo hasira ikamzidi akili. Alhamisi mchana akarudi, akaipaka ncha ile tena, na tena, kama mtu anayeziba tundu la ngalawa.

Jioni ya Alhamisi Dishon alichelewa kazini, hakuweka muziki. Kwa hiyo hakuna aliyejua.

Ijumaa baada ya alasiri, chumba cha Dishon kilijaa. Kadzo alikuwa amevaa leso mpya. Dada zake, Shutu na Mbeyu, walikuja na mkate wa sinia. Suleiman alikaa mlangoni, akinuka samaki kwa adabu. Ishak, kanzu nyeupe ya sala bado mwilini, alikaa pembeni kabisa.

Dishon akatoa diski ndogo kama biskuti ndani ya ganda la plastiki. Jina la Bi Jumwa liliandikwa juu kwa kalamu. Akaitia kwenye mashine. Namba za dakika zikaanza kuhesabu kwenye kioo: moja, mbili, tatu.

Kimya.

Dishon akaongeza sauti. Kimya. Akatoa diski, akaipuliza, akairudisha. Namba zikaenda, spika zikakaa. Jasho likamtoka.

"Pole mama," akasema hatimaye. "Labda mtu wa ofisini aliifuta. Hizi zinafutika. Pole sana, mimi ndiye niliyewaitia watu."

Ishak alikuwa ameungojea wakati huo wiki nzima. Alitegemea utamu. Alikuwa amejiandalia hata sentensi ya kusema, kuhusu vitu vya kisasa visivyo na uti wa mgongo.

Kadzo alimwangalia yule kijana, akawaangalia dada zake, akaiweka sawa leso yake.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Wala usijilaumu. Mbona ninayo kaseti nyumbani? Mume wangu ataisafisha. Yeye ni fundi, nyinyi hamjui tu. Alisema ataisafisha, na ataisafisha."

Alisema kwa sauti pana, ya kumtetea mtu mbele ya ndugu. Shutu na Mbeyu wakageuza macho kumtazama shemeji yao. Ishak alikuwa ameshinda. Mkewe alikuwa amerudi kwake mzima mzima, amekuja kwake kwa kaseti ya samaki anayekaangwa.

Akakaa. Akahesabu namba za dakika kwenye kile kioo, zinazidi kwenda. Diski haikuwa imefutwa. Bi Jumwa alikuwa humo sasa hivi, anaimba gizani, na yeye ndiye aliyemfungia mlango.

"Hebu nipishe," akasema.

Akapiga magoti nyuma ya mitambo, mgongo ukimlilia, akauchomoa ule uzi. Hakutazama kushoto wala kulia. Hakuwa na kitambaa. Akashika pindo la kanzu ya Ijumaa, akaifuta ncha, akaipinda kanzu akafuta tena upande mwingine, mpaka kijicho chekundu kikawaka kama kaa. Akauchomeka.

Hakukuwa na mkwaruzo wa kuonya. Ghafla Bi Jumwa alikuwa chumbani. Hakuwa anaimba, wimbo mmoja ulikuwa umeisha na alikuwa anapumzika. Alikohoa. Bangili zake zikagongana. Mtu akatikisa kayamba mara moja, akanyamaza.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema Bi Jumwa, karibu mno, kama aliyeketi juu ya amplifaya, "asogeze hiyo redio yake, inanipumulia. Tangu nianze kuimba inanguruma kuliko mimi."

Wanawake wa kwenye diski wakacheka. Kisha akavuta pumzi, ile pumzi ambayo kwenye kaseti haikuwahi kuwapo, akaanza wimbo.

Mbeyu alipiga kelele. Shutu alishika mdomo. Kadzo hakulia, aliinuka, akabeba kigoda chake, akakisogeza hadi mbele ya spika nyembamba ya kushoto, akakaa goti likigusa sanduku. Akabaki hivyo mpaka wimbo ulipoisha.

"Mzee, umejuaje?" Dishon akanong'ona, macho yamemtoka. "Mimi nisingefikiria kabisa kuangalia hapo."

"Vumbi," akasema Ishak, aliyekuwa sasa amesimama nyuma ya kigoda cha mkewe, akisafisha koo. "Vumbi la huku ni baya sana kwa mwanga. Bara hamna. Nimewahi kuona mtambo mzima Ramisi umesimama kwa..."

"Baba Nadhira."

Kadzo hakugeuza kichwa. Lakini mkono wake ulikuwa umenyooka nyuma na kulishika pindo la kanzu, na kidole gumba kilikuwa kinasugua lile doa jeusi, taratibu. Akakinusa kidole. Chumba kizima, isipokuwa Dishon, kikaelewa. Suleiman akatazama dari.

"Vumbi la Ukunda halijawahi kunukia nazi," akasema Kadzo.

"Mke wangu..."

"Kanzu hii utaifua mwenyewe. Kwa mikono yako, kwenye ua, mchana, Suleiman akikuona."

"Nitaleta na kiti," akasema Suleiman.

"Na sasa nyamaza," akaendelea Kadzo, akiliachia pindo. "Dishon, mwanangu, rudisha pale mama anapocheka."

Dishon akarudisha. Ishak akarudi pembeni akakaa, kanzu ina doa la ukubwa wa sahani. Akamtazama mkewe alivyoegemeza shavu kwenye lile sanduku la viatu, macho ameyafumba, uso umelainika kwa namna ambayo yeye na debe lake la mafuta hawakuwahi kuulainisha. Wivu ulikuwa palepale, haukupungua hata chembe. Bi Jumwa akacheka tena, akamlalamikia tena, na Ishak akainama kidogo mbele ili asikie vizuri.