Nimevunja Mwiko

Mama mkwe wangu aliposhuka melini kutoka Musoma, hakuwa na sanduku. Alikuwa na kifuko cha unga kichwani, na kwapani amebana kitu kirefu kilichofungwa kanga. Nilidhani ni mwavuli. Nilipiga magoti palepale bandarini, nikasema, "Shikamoo, Mama," naye akasema marahaba, akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, kisha akamgeukia mwanawe wakaanza kusemezana Kijaluo. Mimi na yeye hatukuzungumza tena mpaka tulipofika nyumbani Igogo, hapa Mwanza. Huko ndiko alikoifungua ile kanga, na ndani yake mlikuwa na mwiko wa kusongea ugali.

Ulikuwa mwiko mrefu, mweusi kwa moshi, na bapa lake limelika upande mmoja kwa kusukumwa miaka nenda miaka rudi.

"Wa mama yangu," alisema. "Halafu wangu."

Nikanyoosha mikono yote miwili kuupokea, kwa adabu yote niliyofunzwa kwetu Kamachumu. Akanipita. Akautundika kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni.

"Utakaa hapa kwanza. Usiuguse mpaka niseme."

Kwanza! Neno hilo lilinichoma kama mwiba wa samaki. Mtu anasafiri usiku kucha ziwani kukuletea mwiko, halafu anautundika usikoufikia?

Lakini nilijua shida iko wapi. Mimi ni Mhaya. Sisi tumekua na ndizi: unamenya, unapanga chunguni, unafunika kwa majani ya mgomba, moto unafanya kazi yake nawe unasali rozari yako kwa raha. Hakuna anayepigana mieleka na sufuria. Ugali wa kusonga nilikuja kukutana nao nilipoolewa na Zadok Owuor, fundi mitambo wa kiwanda cha pamba, Mjaluo wa Shirati, mtu ambaye hata umlishe nini hajioni kama amekula mpaka ugali umepita. Siku ya harusi yetu mama yake hakuja. Alituma salamu kwamba mguu unamsumbua. Mguu huo ukakaa miaka miwili bila kupona, na ndugu waliopita Mwanza wakawa wananiambia, huku wakicheka, kwamba Mama Achola anasema mwanawe ameoa mkungu wa ndizi.

Sasa alikuwa amekuja, nami nilitaka jambo moja tu duniani. Nilitaka ale chakula kilichotoka mikononi mwangu.

Hakula.

Kulala kwake kwingine hakukunisumbua. Kwao mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Ni mwiko, na Zadok alikwisha kunieleza, kwa hiyo tulimwomba jirani yetu Getruda ampe kitanda. Getruda alikuwa mjane wa Kisukuma, mtu wa Magu, na chumba chake kilitazamana na chetu katika ua uleule. Miko ya ukweni nilikuwa nimeikariri kama katekisimu. Usikae kitandani kwa mama mkwe. Usimtaje jina. Usipitishe kitu juu ya kichwa chake. Lakini kwamba asile kwangu, hilo hakuna aliyenifundisha. Asubuhi nilimpelekea uji, akasema ameshiba. Mchana nilipika wali, mwaka ule wa njaa ambao hata harufu ya wali ilikuwa habari mtaa mzima, akasema tumbo limejaa gesi. Jioni nikamwona kwa macho yangu haya akila viazi vitamu vya Getruda na kulamba vidole.

Na kila akiisha kula, alichukua kikapu chake akateremka ziwani, akarudi jua limekwisha kuinama. Akirudi hakuwa na samaki wala kuni.

"Anafanya nini huko?" nilimuuliza Getruda.

"Nijuaje mie? Namwonaga kwenye mawe. Anainama, anainuka, anatikisa kichwa, anakwenda kwingine. Labda anasali."

"Anakimbia jiko langu, hana lolote."

"Basi mpikie ugali, dada! Ugali wa kwao, ule mgumu, ambao ukimtupia mbwa anadhani umemrushia jiwe. Unampa Mjaluo wali kwani anaumwa?"

Nilimuuliza na Zadok pia. Alikuwa anafunga kamba za viatu aende zamu. "Mvumilie," alisema, "ni mama." Ndivyo walivyo wanaume. Miko wanayoikumbuka ni ile inayowahusu wao.

Basi siku ya mwisho, kesho yake meli ya Musoma ilikuwa inaondoka, nikafanya uamuzi. Mama alikwisha teremka ziwani na kikapu chake. Sato wawili walikuwa wanatokota kwenye mchuzi wa nyanya, hao sikuwa na wasiwasi nao. Nikabandika maji ya ugali. Kisha nikavuta kigoda, nikapanda, nikautungua mwiko. Nilijiambia kwamba akikuta ugali umekwisha songwa kwa mwiko wa mama yake, atakosa cha kusema.

Unga uliokuwapo ulikuwa wa yanga, ule wa njano wa msaada, tuliokuwa tukiupangia foleni tangu alfajiri huku redio ya dukani ikituhimiza kulima kufa na kupona. Watu waliudharau, wakasema ni chakula cha kuku. Mimi sikuudharau, ila sikuujua tabia. Unga ule unakunywa maji polepole. Unadhani bado ni laini, unaongeza, kumbe uliotangulia ndiyo kwanza unavimba. Nikaongeza. Nikaona bado si wa kumrushia mbwa, nikaongeza tena. Ghafla ukakaza wote kwa pamoja. Nikaikanyaga sufuria kwa mguu mmoja, kitambaa chini ya unyayo, nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikasukuma kwa hasira zote za miaka miwili, za mguu usiopona, za mkungu wa ndizi, za viazi vya Getruda.

Pah!

Mpini ukabaki mkononi mwangu. Bapa likabaki limesimama ndani ya ugali.

Nikalichomoa, nikakaa chini sakafuni na vipande vyote viwili. Ugali ukaanza kuungua, nikasikia harufu, sikuinuka. Getruda akaita kutoka ng'ambo ya ua, "Dada, unachoma nini huko?" Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo nililia, kwa sauti, kama mtoto aliyepigwa. Nilijua kwamba kesho mama huyu atapanda meli hajaonja hata tonge langu, na huko Shirati atasema nimemvunjia kitu cha mama yake marehemu, tena atakuwa anasema kweli.

Nilipoinua uso alikuwa amesimama mlangoni. Kikapu kilikuwa kichwani na jasho linamtiririka. Nikapiga magoti haraka, vile vipande nimevificha nyuma yangu kama mjinga.

"Mama," nikasema, "nimevunja mwiko."

Alishika ukingo wa kikapu. Kisha akauliza taratibu, "Mwiko gani?"

"Wako, Mama. Ule uliotoka kwa mama yako."

Uso wake ulibadilika nisivyotarajia. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeshikwa na kosa.

"Nani amekwambia? Zadok?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeuvunja mwenyewe, kwa haraka yangu. Nilitaka ule kwangu."

"Hapana," alisema, na kikapu kikayumba kichwani. "Si wewe. Hujavunja wewe, nimevunja mimi."

Akaegemea mlango, na Kiswahili chake, ambacho siku zote alikitoa kwa kipimo, kikaanza kumtoka chenyewe.

"Kwetu mke hawashi moto wake hivihivi. Anapika kwenye jiko la mama mkwe, mpaka mama mkwe mwenyewe ampangie mafiga yake, aseme, haya, huu sasa moto wako. Mimi sikuja. Nilikasirika mwanangu kuoa mbali, nikasema mguu unauma. Mguu wala hauumi! Nikakaa na ubishi wangu, na wewe huku unawasha moto kila siku, unavunja mwiko kila siku, na hata hujui. Halafu nasikia mwaka umepita, hakuna mtoto. Wa pili, hakuna. Usiku silali. Nasema, Achola, ni wewe." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Umeniletea uji, nikaona aibu. Ningekulaje kwenye moto ambao mimi ndiye niliyeuacha bila mafiga?"

Jamani! Siku zote hizo nilidhani anakimbia mkono wangu. Nikavitoa vile vipande nyuma yangu, nikamwekea miguuni, mpini huku na bapa huku, bado limeganda ugali wa njano.

Akavitazama. Akanitazama mimi. Akavitazama tena.

"Mwiko huu?" aliuliza.

"Huo, Mama."

"Wa kupikia?"

"Wa kupikia."

Alianza kucheka mabegani kwanza, kisha tumboni, mpaka Getruda akaja mbio na kanga mkononi akidhani kuna msiba. Mama alikuwa ameshikilia fremu ya mlango anacheka machozi yanamtoka, nami niliyekuwa nalia nikajikuta nacheka, na tukicheka hivyo akashindwa na kikapu chake. "Nitueni!" alisema. "Nitueni jamani, shingo inavunjika!"

Tulimtua sote wawili. Kilikuwa kizito ajabu. Nikachungulia ndani, nikaona mawe matatu, meusi, yametoka majini, yamelingana kama ndugu wa tumbo moja.

"Mji mzima mawe," Mama alisema akijikanda shingo, "mawe marefu kushinda nyumba, mpaka ziwani yamesimama. Lakini figa hakuna! Hili dogo, lile limekaa upande. Nimezunguka tangu nifike. Matatu yanayolingana nimeyapata leo, na mwiko ulikuwa unayangoja."

"Nami nikadhani unasali," alisema Getruda.

"Nilikuwa nasali pia."

Kisha akanusa. Pua yake ikageuka kuelekea jikoni, na kuanzia hapo sikuwa tena na mgeni nyumbani. Nilikuwa na mpishi. Akaingia, akafunua sufuria, akasema neno la Kijaluo ambalo sikuhitaji kufasiriwa. Juu yalikuwa mabonge, katikati unga mbichi, chini umeungua.

"Tumwage?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Umwage chakula? Mwaka huu? Lete sufuria nyingine. Toa wa juu tu. Chini usikwangue, ukikwangua moshi unaingia wote."

Nikautoa wa juu. Akanifundisha kuvunja yale mabonge kwa vidole vilivyochovywa maji baridi, moja moja, bila pupa. Tukanyunyizia maji ya moto, tukafunika uvute. Akamtuma Getruda alete kile kifuko cha unga alichokuja nacho, mtama uliochanganywa na muhogo. "Huu wa njano hauna gundi," alisema. "Muhogo utaushika."

Lakini kabla ya kuurudisha motoni alitoka uani. Akayapanga yale mawe matatu karibu na ukuta, akalisogeza moja, akalirudisha, akalijaribu kwa unyayo kama halitikisiki. Akaweka vijiti. Halafu akaokota ule mpini uliovunjika, akaupangusa kwa kanga yake, akakaa nao kidogo mapajani. Nilidhani ataufunga aende nao kwao. Akanipa mimi.

"Weka."

"Mama, huu ni wa mama yako."

"Weka. Ameshika moto maisha yake yote, haogopi."

Nikauingiza katikati ya mafiga. Mti ule ulikuwa umekunywa mafuta miaka mingi, ulishika mara moja. Mama akasimama nyuma yangu, akasema kwa Kijaluo, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nisikie: "Haya. Huu sasa moto wako."

Nilisonga ugali ule kwa bapa lisilo na mpini, mvuke ukiniunguza vidole, naye ameniwekea mkono wake juu ya wangu kunionyesha pa kusukuma. Ulipoiva haukuwa mzuri. Rangi yake ilikuwa kama ya tope la Buhongwa baada ya mvua, na harufu ya kuungua haikuondoka yote. Zadok aliporudi kutoka zamu, akatukuta tumekaa mkekani uani, akasimama bila hata kuvua kofia. Mama yake alikuwa anakula. Alikata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachota mchuzi wa sato, akala. Akakata jingine. Mimi sikula, nilikuwa namtazama tu. Mwisho akaomba ile sufuria ya kwanza, akabandua ukoko ulioungua, akautafuna polepole.

"Chumvi imepungua," alisema.

Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile.

Kesho yake tulimsindikiza bandarini. Alikuwa na kikapu kitupu na kanga yake tu. Aliniuliza ndizi za kwetu zinapikwaje, nikamweleza habari ya majani na chungu, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ni kweli hazihitaji mwiko. Nikamwambia ni kweli. Akaguna kama mtu asiyeamini lakini yuko tayari kuona. Nilipopiga magoti kumuaga aliniinua kwa kiwiko, jambo ambalo sikulitegemea, akaniinamia sikioni.

"Ukivunja mwiko tena," alisema, "niite."

Akapanda ngazi za meli, hachechemei hata kidogo. Mimi na Zadok tukarudi kwa miguu. Nilipofika uani nilichutama nikaweka kiganja juu ya majivu katikati ya yale mawe matatu. Yalikuwa bado na joto. Nikaenda kutafuta vijiti.