Rangi Juu ya Kutu

Mjomba alikuwa na dawa moja tu kwa kila ugonjwa wa lori lake: rangi. Kutu ikitokeza mlangoni, rangi. Ikitokeza kwenye chesisi, ule uti wa chuma chini ya bodi, rangi, tena nyeusi ya kung'aa, inapakwa palepale juu ya kutu bila hata kusuguliwa kwa msasa. Makuli wa ghala la chumvi walilibandika lori jina la Bi Harusi, naye akalipokea kwa fahari zote, hana habari kwamba wanamcheka. Yeye na lori lake wote walikuwa wamekula chumvi nyingi, mmoja kwa umri, mwenzake kwa kazi.

Aliyeshika usukani alikuwa mpwa wake, mwanamke wa miraba minne ambaye makuli walimwita Mama Gia. Asubuhi moja, hapo ghalani, alikuwa amelala chali chini ya lori, tochi mkononi, hasira zimempanda hadi utosini. Tangu juzi pedali ya breki ilikuwa inazama, na sasa alijua kwa nini. Paipu nyembamba inayopeleka mafuta ya breki magurudumu ya nyuma ilikuwa imevimba pale inapobanwa kwenye chesisi, mahali maji ya chumvi yanapojikusanya mzigo ukinyeshewa. Akaikwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, na ndani yake mlikuwa na ungaunga mwekundu wenye unyevu. Chuma chenyewe sijui kiliisha lini.

Akatoka chini akijipangusa mikono. "Mjomba, paipu ya breki imeoza. Leo hatutoki."

"Imeoza wapi? Si niliipaka rangi juzijuzi tu?"

"Uliipaka, ndiyo. Imeozea humohumo ndani ya rangi."

"Wewe pedali ipige pampu mara mbili, kanyaga uachie, kanyaga uachie, lori litasimama. Mimi nimepiga pampu miaka yote, mbona niko hai?"

Jamani, hayo maneno ndiyo yaliyokuwa yanamchosha Mama Gia. Kila aliyewahi kuliendesha lori lile alikabidhiwa funguo pamoja na somo hilo la kupiga pampu, kana kwamba ugonjwa ni tabia ya gari. Mara ngapi amemweleza mzee huyu kwamba ukipiga pampu unazidi kuisukuma paipu mbovu ipasuke? Mjomba alikuwa anamsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

"Mpwa wangu, tangu uzae umekuwa mwoga," alisema Mjomba, mkono ameunyoosha. "Lete funguo, nitaendesha mwenyewe. Mzigo unasubiriwa, na mke wangu anatakiwa kliniki kufungwa kidonda."

Mkewe alikuwa ameshapanda. Alikaa kwenye kiti cha pembeni ya dereva, mkoba mapajani, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele. Kliniki ilikuwa mwisho wa mteremko unaoanzia hapohapo getini, na nje ya mlango wake wagonjwa hukaa barazani wakisubiri zamu. Lori lilikuwa limejazwa magunia hadi juu. Mama Gia aliwaza mteremko ule, akawaza na baraza lile. Alitamani kumpa mzee wake maneno makali, lakini mjomba ni mjomba, na maneno alishayamaliza.

"Sawa, Mjomba," alisema. "Ngoja basi nikuwashie injini ipate moto."

Alisukumiza mawe makubwa mbele ya magurudumu, akapanda, akamwamkia mke wa mjomba, akawasha. Injini ilipotulia, aliweka miguu yote miwili juu ya pedali, akaegemeza mgongo kitini, akakandamiza kwa nguvu zote alizojaliwa. Kama ni kupasuka, ipasukie hapa. Pedali ilikaza kidogo, halafu ghafla ikaenda yote hadi sakafuni. Akapiga pampu mara mbili, kama alivyofundishwa. Haikuwa na kitu. Alikuwa anakanyaga hewa.

Mjomba aliinama kutazama chini ya lori. Mafuta yalikuwa yanamwagika juu ya tairi la nyuma na kutengeneza kidimbwi.

"Umeona?" alisema akiinuka. "Umeniharibia gari."

Mama Gia akazima injini na kuegemeza kichwa kwenye usukani. Alichoka, alichoka kabisa.

Mke wa mjomba hakuwa na mazoea ya kuingilia mambo ya lori. Alifungua mlango wake, akashuka taratibu akitanguliza mguu mzima, akachechemea hadi nyuma. Alikitazama kile kidimbwi. Kisha akatazama getini, pale barabara inapoinama na kupotea machoni.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya kawaida, "ingepasukia kule mteremkoni, mimi ningekuwa wapi?"

Mjomba alifungua mdomo amjibu kama anavyomjibu kila mtu. "Wewe ungekuwa pale," alianza, na kidole chake kikaelekea kwenye kiti kitupu, mlango bado uko wazi, mkoba umeachwa juu yake.

Alikishusha kidole, akaenda kuuchukua ule mkoba kitini, akamletea mkewe.