Maji Meupe Chini ya Mgomba

Mniambie nyie, kosa langu liko wapi?

Baba yangu, mzee Polikarpo, alikuwa fundi redio hapa Ifakara. Alipofariki alituachia kopo moja la swichi kuukuu, zile zenye vidude vya ndani vilivyopakwa madini ya fedha. Beno, mwanafunzi wake na mchumba wangu, akaapa ataitoa fedha hiyo anitengenezee pete ya ndoa. Nilifurahi mno. Baba asingenisindikiza kanisani, lakini ningemvaa kidoleni.

Basi Beno akavilowesha vile vidude kwenye asidi, nje, mbali na nyumba. Ukapanda moshi wa kahawia, maji yakawa ya kijani. Akachuja, akatia chumvi, na beseni zima likawa jeupe. Hapo akapigiwa simu aende Lupiro, kuna spika zimekufa. Akawasha pikipiki, akasema, "Noela, vaa glavu, uyaoshe hayo mpaka maji yawe safi."

Sasa mimi nimezaliwa kwenye mpunga. Kuosha nakujua. Nikatia maji, nikakoroga, nikamwaga yale meupe chini ya mgomba. Nikatia tena, nikamwaga tena, mpaka maji yakawa maangavu kabisa, unaona hadi chini. Na chini hapakuwa na kitu.

Nikaduwaa. Fedha iko wapi? Nikageuza beseni, nikakagua mpaka ndani ya glavu. Nikasema labda haijatoka bado, labda Beno ataitoa kwa dawa nyingine.

Beno aliporudi akachungulia beseni, akanitazama.

"Ule weupe uko wapi?"

"Nimeumwaga. Si ulisema nioshe?"

"Weupe ndio fedha, Noela. Unauacha utuame, unamwaga maji ya juu."

"Mchele hauoshwi hivyo."

"Kwani nilikwambia ni mchele?"

"Kwani uliniambia siyo?"

Akachukua ndoo. Tukaenda mgombani. Udongo niliouacha mweupe, jua lilishaugeuza zambarau, karibu mweusi, nikachanganyikiwa zaidi. Beno akauzoa wote ndani ya ndoo. Nikamuuliza kama fedha itatoka humo. Akasema hajui.

Jumamosi nilifunga ndoa kwa pete ya dukani. Watu wanapiga vigelegele, mimi nakitazama kidole changu sielewi ni cha nani. Ndoo iko uvunguni mwa kitanda chetu mpaka leo. Na nikiosha mchele, maji meupe yakijaa sufuria, mkono unagoma kumwaga. Mama mkwe anadhani sijui kupika.