Kibwe Hafi

Jumamosi ile Noëlla alizika mpiganaji wake wa tatu kwa mwaka mmoja, na hakuupokea msiba kwa upole. Aliikunja karatasi yenye jina la marehemu, akaisukuma katikati ya meza, kisha akamgeukia papa Germain.

“Minye nakufa, Carlos anakufa, kila muntu anakufa,” akasema. “Kibwe tu njo hafi. Ule muntu banamuchanja dawa gani?”

Papa Germain alicheka. “Kibwe iko jiwe, mama. Jiwe inakufaka?”

Carlos, aliyeketi ubavuni pa mzee kama kawaida yake, alicheka pia, ila alichelewa kidogo. Fidélie aliona. Alikuwa mtu wa kuona vitu vya namna hiyo.

Kibwe alikuwa mpiganaji wa papa Germain, mtu wa kwenye karatasi tu. Miaka mitatu sasa, kila Jumamosi saa nane mchana, hao wanne walikutana sebuleni kwa Fidélie, mtaa wa Panda, kucheza mchezo aliotunga Fidélie mwenyewe. Hapakuwa na ubao wala karata. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemwandika: jina, nguvu, ulinzi, damu. Wote walikuwa walinzi wa msafara wa zamani, wakibeba misalaba ya shaba kutoka milimani kwenda ng’ambo ya mto Lufira. Fidélie alisimulia njia na hatari zake. Wao walisema watu wao wanafanya nini. Na panga zilipochomolewa, dadu ndizo zilizoamua.

Sheria za mapigano zilijaza kurasa sita za daftari, lakini mtu angeweza kuzieleza akiwa anamenya karanga. Anayeshambulia anarusha dadu mbili, anaongeza nguvu yake. Akifikia ulinzi wa adui, amempiga, na adui anapoteza damu. Damu ikiisha, mtu ameanguka. Aliyeanguka anarusha mara moja ya mwisho: tisa au zaidi, anainuka; chini ya tisa, anazikwa. Hakuna dawa wala sala ya kumrudisha. Fidélie aliitunga sheria hiyo ya mwisho akijua ni kali. Alitaka watu waogope kuchomoa panga ovyo.

Siku za kazi alikuwa maabara, akipima mawe ya shaba yaliyosagwa. Miaka kumi na minne aliletewa vifurushi vya unga, yeye akasema ndani yake mna shaba kiasi gani. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja: namba mbaya huja yenyewe, lakini namba nzuri mno kuna mtu ameisindikiza.

Jumapili, baada ya misa, alifungua daftari la mapigano. Aliandika humo kila dadu iliyorushwa, maana alipenda kujua sheria zake zinafanyaje kazi. Hadi Oktoba papa Germain alikuwa akipata saba kwa wastani, kama watu wote. Kuanzia Novemba alikaribia tisa. Carlos na Noëlla walibaki palepale kwenye saba. Tena tangu Novemba Kibwe alikuwa ameanguka mara tano, na mara tano zote aliinuka. Fidélie alipiga hesabu, akairudia. Bahati ya namna hiyo humpata mtu mara moja au mbili katika elfu.

Alilifunga daftari. Papa Germain alikuwa fundi wa kuchonga chuma, karakana moja na marehemu baba yake Fidélie. Siku ya mazishi alishika jeneza upande wa kichwa. Lakini moyo ukishaonja shaka hautemi. Kila kitu cha mzee sasa kilikuwa na harufu. Dadu zake alizichonga mwenyewe, kutoka kwenye shaba njano ya bomba la zamani, kila tundu akalitoboa kwa mkono wake. Na kabla ya mvua kuanza alikuwa amekuja na kisanduku cha mbao cha kurushia, chenye kuta ndefu. Alisema kuinama kuokota dadu chini kunamuumiza mgongo. Kisanduku hicho kilikaa kati yake na Carlos. Yeye anarusha, Carlos anataja namba, Fidélie anaandika. Hakuna mwingine aliyewahi kuchungulia ndani.

Jioni alipita kwa mzee. “Papa, uniachie dé zako hii wiki. Nataka kujaribu sheria moja mupya.”

Papa Germain alizitoa dadu zake mfukoni bila kuuliza neno. Hilo nalo lilimsumbua. Mwizi anayekuonyesha mifuko yake anajua kwamba mali haimo mifukoni.

Jumatatu alizipima maabara kwa siri, kwenye mizani ya sampuli, akijifanya anasafisha kile chombo. Uzito ulikuwa sawa. Kisha kwenye meza ya jikoni alirusha kila dadu mara mia na themanini, akiweka vistari. Katika ile ya kwanza namba moja ilikuja mara ishirini na nane, sita mara ishirini na tisa, nyingine zote zikazunguka thelathini; ya pili ikafanana nayo. Dadu zilikuwa safi kabisa. Zilikuwa nzuri kuliko za dukani.

Noëlla alipita Jumatano akitoka kazini, kwenye duka la dawa. Alipoambiwa habari za dadu, hakufurahi.

“Dada Fidélie, kama haiko mu dé, basi iko mu mikono. Na mikono haiko mbili, iko minne.” Alishusha sauti ingawa nyumbani hapakuwa na mtu. “Juu ya nini Carlos anakaaka tu pale? Na ile sanduku, juu ya nini iko na ukuta murefu vile? Beko bawili.”

“Usiseme kwa bantu.”

“Minye? Kwa nani?”

Alipoondoka, Fidélie alijiuliza kama Noëlla mwenyewe hana lake, kwa jinsi alivyoupata uchungu huo haraka. Akaona haya. Kisha akafungua daftari tena, akakagua namba za Noëlla pia.

Jumamosi iliyofuata alipanga viti mapema. Alisimama nyuma ya pazia, akawaona Germain na Carlos wakija pamoja kama siku zote, Carlos amemshika mzee kiwiko. Kwenye ngazi za baraza walisimama. Carlos alimwinamia sikioni akamnong’oneza kitu kifupi, na mzee akaitika kwa kichwa. Fidélie alirudi mezani. Wanapatana, aliwaza. Mlangoni kwangu.

“Carlos, leo unakaa pale, pembeni ya Noëlla,” akasema walipoingia.

“Minye nakaaka na papa.”

“Leo hapana. Na sanduku inakuwa katikati ya meza. Bote tutarusha mule.”

“Ile sheria iko wapi? Haiko mu daftari.”

“Nitaandika.”

Carlos alimtazama papa Germain kana kwamba anangoja mzee akatae. Alikuwa fundi wa mota za umeme, mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Ufundi aliupata chini ya mkono wa Germain, na hadi leo hakujua kubishana mbele yake. Mzee alipapasa ukingo wa meza, akapata kiti, akaketi. Noëlla alimimina munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye bilauri. Hakuna aliyekunywa.

Msafara ulifika kwenye kivuko cha Lufira. Fidélie aliwatoa wanyang’anyi watatu kwenye matete, na hakuwaonea huruma. Katika raundi ya pili mmoja alimchoma Kibwe chini ya mbavu. Damu ya Kibwe ikaisha.

“Kibwe ameanguka,” Fidélie akasema. “Papa, ni ile ya mwisho.”

Papa Germain alizitikisa dadu kiganjani, akazirusha. Ziligonga mbao, zikatulia. Fidélie alichungulia ndani: tatu na moja. Alishika kalamu, akanyamaza. Alitaka kuona mzee atafanya nini.

Mzee hakufanya kitu. Alielekeza uso kwenye kisanduku kwa tabasamu la mtu anayengoja kuhudumiwa dukani.

“Carlos?” akaita.

“Kumi na moja,” Carlos akajibu kutoka upande wa pili. Hata shingo hakuinyoosha.

Noëlla aliruka. “Kumi na moja? Minye niko naona tatu na moja! Iko nne! Munatuiba muchana, macho yetu ikiwa wazi! Tangu Novemba munatuchekelea!”

Fidélie hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama papa Germain. Alitegemea atabisha, au atacheka, au atalaumu mwanga. Mzee aligeuza uso kuitafuta sauti ya Carlos, na macho yake yakatua kwenye kalenda ya parokia, ukutani, hatua nzima kutoka pale Carlos alipokuwa ameketi.

“Carlos,” mzee akasema. “Iko ngapi?”

Carlos alisogeza kiti chake nyuma.

Papa Germain aliingiza mkono kisandukuni. Alizipata dadu, akazishika bila kuzigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya moja, kisha juu ya nyingine, kwenye matundu aliyoyatoboa mwenyewe.

“Tatu,” akasema. “Na moja. Nne.” Akaziweka. “Na zile zingine zote?”

“Papa...”

“Nakuuliza.”

Carlos aliongea akiwa ameinamisha kichwa. “Mu Novemba ulirusha, ukaniuliza: iko tisa, hapana? Ilikuwa tano. Kibwe alikuwa anakufa. Na ile wiki ulikuwa umesema utaacha kukuya huku, mwili inachoka. Nikasema ndiyo, iko tisa. Kiisha sikujua namna ya kuacha.”

“Ulifikiri nakuyaka huku sababu ya Kibwe?”

Noëlla aliketi taratibu. Kisha akainuka tena, akamshika mzee mkono, akampeleka dirishani na kumtazama macho kwa karibu. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe.

“Mutoto wa jicho,” akasema, sauti yake imeshuka kabisa. “Yote mbili. Papa, unaona nini?”

“Mwangaza. Bantu naona kama nguo ku kamba.” Akavuta pumzi. “Ningeweza kusoma ile dé na vidole. Lakini mungejua.”

Alirudi kitini mwenyewe, akihesabu hatua. Hasira yake haikumwendea Noëlla, aliyewaita wezi, wala Fidélie, aliyemtega.

“Weye Carlos, wale walicheza. Walikufa, walikasirika, waliandika muntu mupya. Minye uliniweka pembeni kama mutoto wanamupa karata haina namba. Nilikuwa nacheka mbele yao, na sikuwa hata mu muchezo.” Akamgeukia Fidélie. “Mama, sheria inasema nini?”

“Chini ya tisa, anazikwa.”

“Basi uzike. Lakini usiandike siku ya leo. Ile tano ilikuwa siku gani?”

Fidélie alitafuta kwenye daftari. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Novemba, kilimani, Kibwe akipigana na chui. Alikata tisa, akaandika tano, na pembeni akaandika: *amezikwa*. Miezi minne ya ushujaa wa Kibwe ilibaki hapo chini, kurasa kwa kurasa, kazi ya mtu ambaye hakuwepo. Alitaka kuweka kalamu chini, lakini kulikuwa na jambo lingine.

“Papa, hakukuwa sheria mupya. Dé zako nilizipeleka labo. Nilizipima.”

Mzee alimwelekezea uso. “Na zilikuwa namna gani?”

“Sawasawa.”

“Najua,” akasema. Neno hilo lilimuuma Fidélie kuliko matusi yote ambayo angeweza kumtukana.

Walipotoka, Carlos alimpa mzee kiwiko chake penye ngazi. Papa Germain alikihisi, akakipita, akamtafuta Noëlla. Wakaondoka wawili, Noëlla akimweleza habari za daktari wa macho wa Lubumbashi, mzee akisema ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kwenda.

Jumamosi mbili Carlos hakuonekana. Papa Germain aliandika mpiganaji mpya; Fidélie ndiye aliyeshika kalamu, mzee akataja jina, Mulume, na nguvu ndogo kuliko sheria ilivyomruhusu. Alisoma dadu zake kwa kidole gumba, kisha akamsogezea Noëlla kisanduku ahakikishe. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Noëlla alichungulia kila mara.

Jumamosi ya tatu mtu alibisha hodi mchezo ukiwa katikati. Carlos alisimama mlangoni na beseni la viazi vitamu kutoka shamba la mama yake, Kapolowe. Alilitua chini, akabaki amesimama.

“Nani?” mzee akauliza.

Waliokuwa mezani walinyamaza, na mlangoni pia palinyamaza.

“Carlos,” mzee akasema mwenyewe. Vidole vyake vilicheza na ukingo wa kisanduku. “Kaa. Upande ule wa Noëlla. Na mudomo ufunge.”

Carlos aliketi. Fidélie alimpa karatasi tupu na kalamu, akaendelea na simulizi pale alipoachia, nyoka mkubwa akiwa amelala juu ya daraja la miti. Papa Germain alirusha. Kidole gumba kilikawia kwenye dadu ya pili, kikarudi, kikatafuta tena. Carlos alikuwa amekaza macho kwenye karatasi yake tupu. Fidélie aliinua kalamu kungoja namba, na badala ya kumtazama mzee, akajikuta anaitazama midomo ya Carlos.